Mvumo wa Nyumba ya Dada

Fundi alifika Alhamisi asubuhi, akavua viatu mlangoni, akaomba kisu na kitambaa cha kufutia vumbi. Mtambo wa muziki ulikuwa bado kwenye maboksi: amplifaya nyeusi yenye uzito wa mtoto wa miaka miwili, spika mbili ndefu za kusimama, na moja fupi ya besi ambayo baba mwenye nyumba aliizunguka akiipigapiga mgongoni kama mnunuzi wa ng'ombe. Kijana wao ndiye aliyeununua kwa mishahara yake ya mwanzo. Aliwanunulia wazazi wake kwa sababu, alisema, nyumba ile ilikuwa kimya mno.

Fundi alimenya nyaya kwa meno, nyekundu akaichomeka kwenye tundu jekundu, nyeusi kwenye jeusi, akazielekeza spika kwenye kochi, akawasha. Ukatoka mvumo. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mnene, wa chini, wa mtu aliyefumba mdomo huku ana neno.

"Kidogo tu," akasema, kama mafundi wote wasemavyo. Akahamisha nyaya, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, aone kama kosa nalo litahama. Halikuhama. Akausogeza mtambo mbali na friji. Akazima feni, akazima taa, akachomoa hata simu ya jirani aliyekuja kuchaji. Mwisho akachomoa plagi ya mtambo wenyewe ukutani. Taa yake ndogo ikazimika, na mvumo ukaendelea.

"Basi si umeme," fundi akasema, akijipangusa jasho. "Ni nyumba. Zipo nyumba za hivi. Juzi juzi nimefunga redio kwa mwalimu mmoja, ikawa inaita majina ya wanafunzi aliowafukuza. Tukaihamishia chumba cha nyuma, ikatulia."

Alieleza kwamba mvumo unatafuta njia ya kuteremka ardhini, na mara nyingi mtu aliye peku akiligusa bati la mtambo, hukatika. Baba akagusa, ukaendelea. Mama akagusa, ukapanda. Kijana akagusa, ukafifia kidogo, kisha ukarudi. Wakati huo Mama Mdogo, yaani mdogo wake huyo mama, akaingia kutoka jikoni na sinia la vikombe. Meza ilikuwa imejaa maboksi. Akalishika sinia kwa mkono mmoja, na mwingine akaushikiza juu ya amplifaya asije akaanguka. Mvumo ukakatika.

Fundi akarudisha plagi, akaweka wimbo. Ulitoka safi hata ukasikia vidole vya mpiga gitaa vikihama kwenye nyuzi.

"Usiondoe mkono," kijana akasema, akimpokea sinia. "Mama Mdogo, tafadhali, dakika mbili tu."

Hivyo ndivyo alivyoingia katika nyumba ile tangu mwanzo, kwa kuombwa muda mfupi. Dada yake alipojifungua alimwita aje amsaidie miezi mitatu, mpaka mtoto akaze shingo. Mtoto akakaza shingo, akatambaa, akaenda shule, akaota ndevu, na Mama Mdogo bado alikuwapo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alipewa siku ya kufika, na hakuna aliyekumbuka kulipokea.

Kazi yake kubwa haikuwa kupika wala kufua. Dada na shemeji walikuwa wamenuniana tangu kijana akiwa darasa la kwanza. Ugomvi ulianzaje, kila mmoja angekupa hadithi yake. Hawakutukanana, hawakupigana, hawakusemeshana tu. Kila neno lilipita kwake. "Mdogo wangu, mwambie shemeji yako chai iko mezani." "Shemeji, mwambie dada yako sinywi." Na wote watatu wamekaa meza moja, chai inatoa mvuke katikati yao. Mama Mdogo aliyapokea maneno na miiba yake, akaing'oa, akayafikisha yakiwa laini. Miiba alibaki nayo mwenyewe. Mtoto hakuchomwa hata na mmoja, na hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake hapa duniani.

Safari hii, hata hivyo, alikuwa anaondoka. Palikuwa na kinyozi mmoja mgane, mtu mpole mwenye mikono inayonukia sabuni, aliyepata chumba cha kazi katika mji mwingine na kumwomba waende wote wakaoane huko. Mama Mdogo alikubali kabla hajamaliza kuulizwa. Gari lao lilikuwa la Jumamosi asubuhi. Alikwisha kumwambia dada yake, na dada akajibu, "Tutaongea," ahadi ambayo katika nyumba ile haikuwa na uzito wowote.

Fundi naye hakukata tamaa upesi. Alipigilia nondo ardhini nyuma ya jiko, akaimwagia maji ya chumvi, akavuta waya kutoka mtamboni hadi kwenye nondo. Mvumo haukupungua. Kilichobadilika ni mpilipili uliokuwa karibu, ambao ulipukutisha majani yote kabla ya saa sita. Fundi akaing'oa nondo yake, akaifuta udongo.

"Ardhi imekataa," akasema. "Imemzoea huyu mama."

Kwa hiyo wakamletea kiti. Akakaa kando ya amplifaya, kiganja juu ya bati, miguu peku sakafuni, na mvumo ukampitia kwenye kiwiko, begani, mgongoni, hadi visiginoni. Aliutambua mara moja. Yalikuwa ni yale maneno, kabla hajayalainisha. Sinywi, mwambie. Ajipikie mwenyewe, mwambie. Mwambie najuta siku niliyomwona. Hakushtuka kuyasikia. Aliona tu kwamba yalikuwa mengi kuliko alivyodhani, na kwamba amechoka sana.

Na nyumba ilipendeza, ukweli usemwe. Majirani waliingia wakisingizia kuomba chumvi, wakakaa mpaka wakasahau chumvi. Dada na shemeji wakakaa kochi moja, bega kwa bega, maana fundi alisema sauti za spika mbili hukutana hapo katikati tu, ukisogea pembeni umepunjika. Ijumaa alasiri shemeji akawa anatikisa mguu, na dada akacheka pamoja naye. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; hakuna aliyemuuliza Mama Mdogo kama mkono umekufa ganzi. Shemeji alimwomba tu, kwa heshima, asikohoe nyimbo za taratibu zikipigwa.

Kijana ndiye aliyemletea mto wa kuegemea. Akachuchumaa mbele yake, macho yamejaa machozi.

"Sijawahi kuwaona hivi," akasema. "Toka nizaliwe."

Jumamosi asubuhi kinyozi alisimama getini, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mama Mdogo akaondoa mkono. Mvumo ukarudi ukiwa umenenepa, na glasi kabatini zikaanza kugongana. Hakuna aliyemzuia, tusiwasingizie watu. Dada alimkumbatia. Shemeji alitazama saa, kisha akatazama dari. Kijana alitaka kumbebea mfuko, akakataa. Akavaa gauni lake la bluu, akatoka.

"Umechoka," kinyozi akasema.

"Nitalala kwenye gari."

Kinyozi akaupokea mfuko. "Siku ya kwanza sitaki uingie jikoni. Tutanunua mkate, tutakula, basi."

Neno hilo la mkate lilimtoa machozi. Akamshika kiwiko, wakageuka kwenda. Nyuma yao dirisha la sebule lilikuwa wazi, na sauti ya dada ikatoka juu ya mvumo.

"Mwanangu, mwambie baba yako azime hilo dude."

"Mwambie mama yako," shemeji akajibu, "kelele za nyumba hii hazikuletwa na redio."

Mama Mdogo akatazama dirishani. Kijana alikuwa amesimama katikati ya wazazi wake, kiganja juu ya bati, amejikaza. Mvumo ulikuwa unapungua. Ulikuwa umeanza kumpitia. Meno yake yalikuwa yakigongana, na nywele za juu ya sikio, upande wa mkono ule, zilikuwa zikigeuka nyeupe, moja baada ya nyingine. Alikuwa akitabasamu ili wasione.

"Baba," akasema kwa sauti laini, "mama anauliza kama tunaweza kupunguza sauti."

Hapo ndipo moyo wa Mama Mdogo ulipovunjika. Ulivunjika akiwa amesimama, mkono wake ungali kwenye kiwiko cha kinyozi. Angeweza kuvumilia lolote katika nyumba ile ila kumwona yule mtoto akiing'oa miiba kwa ustadi, kana kwamba amefundishwa. Na alikuwa amefundishwa. Miaka yote hiyo mtoto alikaa akimtazama yeye.

"Ningoje kidogo," akasema.

Kinyozi naye alikuwa na macho, alikwisha kuona. "Kidogo cha nyumba hii ni kirefu, mwenzangu," akasema, bila hasira.

Mama Mdogo akarudi ndani, akambandua kijana kidole kimoja kimoja kutoka kwenye bati, akaweka kiganja chake. Glasi zikatulia. Wimbo ukaendelea pale ulipoachia.

"Na gari?" kijana akauliza.

"Magari hayaishi. Nenda kalale, unatetemeka."

Kijana akaamini, au alihitaji kuamini. Akaenda chumbani kwake, akalala fofofo. Nywele zile hazikurudi kuwa nyeusi. Kinyozi alingoja getini mpaka nyimbo kadhaa zikapita. Kisha akaingia hadi kwenye ngazi, akauweka mfuko upande wenye kivuli, akaukunjia mikanda yake vizuri, akaenda kulipanda gari peke yake.

Mchana fundi akaja kumalizia kazi. Nyaya zilikuwa bado zimelala ovyo sakafuni, na yeye ni mtu asiyependa kazi yake itukanwe. Alizibana ukutani kwa vibanio vidogo, akaenda nazo taratibu, akipiga nyundo kwa uangalifu ili asiwaamshe dada na shemeji waliosinzia kochini, kichwa cha mmoja begani kwa mwenziwe. Alipofika penye kiti akasimama.

"Hiki kinabaki hapa?" akanong'ona.

Mama Mdogo akawatazama wale wawili. Akatazama mlango wa chumba cha kijana.

"Kinabaki."

"Basi inua miguu, mama."

Akainua miguu. Fundi akaupitisha waya chini yake, akaupigilia.