Mkono wa Msusi

Jiko la mafuta ya taa lilipolipuka, msusi alinusurika, ila kovu likamshika kwapani. Ngozi ilijikunja ikakakamaa, mkono wa kulia ukagoma kupanda zaidi ya kifua. Ikabidi wateja wakae chini kabisa ndipo avifikie vichwa vyao, na wasiopenda kuumia magoti wakahamia kwingine.

Hatimaye daktari wa upasuaji alilikata lile kovu, akaziba pengo kwa ngozi aliyoitoa pajani. Msusi akarudi nyumbani mkono umenyooshwa pembeni, umefungwa kwenye banzi, hapiti mlangoni ila kwa ubavu.

Mumewe alikuwa mbali kikazi. Wa kumuuguza akawa mama mkwe, ambaye msusi alimwogopa tangu siku za uchumba. Mama yule hakuwa na maneno mengi, na hayo machache yalikuwa na miba.

"Geuza huo mkono, utanitoa jicho," alisema siku ya kwanza, huku akimnywesha uji.

Banzi lilipoanza kufunguliwa mchana, yakaja mazoezi: asimame kando ya ukuta, vidole viupande polepole, kama alivyofundishwa hospitalini. Ngozi mpya ilivuta mpaka machozi yakamtoka.

"Siwezi, mama."

"Lia, mwanangu, lia mpaka uchoke. Lakini vidole vipande."

Kisha akasimama ubavuni pake, akaupandisha ukutani mkono wake mwenyewe wenye baridi yabisi, akiguna. "Haya, tuone nani bibi kizee hapa."

Msusi akaangua kicheko katikati ya kilio, akampita kwa kiganja kizima.

Siku moja kabla ya msusi kurudi kazini, mama mkwe alimkalisha akamsuka. Kusuka hakujui hata kidogo. Mistari ilikwenda upogo, mmoja ukapotelea nyuma ya sikio.

"Umependeza," alitangaza kwa ukali, kana kwamba kuna aliyebisha.

Kesho yake mteja alikaa kitini, msusi akasimama nyuma yake. Mkono ukapanda hadi utosini, ukivuta kidogo tu. Mteja akamtazama kwenye kioo.

"Shoga, nani kakuharibu kichwa hivyo?"

"Koma! Kanisuka mama yangu."

Mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza anaingia na chupa ya chai. Akasimama, akahangaika kutafuta pa kuiweka, na meza ilikuwa tupu mbele yake.