Sale Katikati ya Kitanda

1.

WITO WA BARAZA LA KATA

Mlalamikaji: Ndekirwa, mtoto wa kwanza.
Mlalamikiwa: Anaeli, mtoto wa pili na wa mwisho.
Shauri: Kung'oa masale manane ya mpakani na kuingia hatua tatu katika kihamba (shamba la nyumbani) cha jirani.
Wajumbe watafika eneo la mgogoro Jumatano, saa nne asubuhi. Wahusika waje na vielelezo.

(Mama yao, aliyeishia darasa la nne, amelikata neno "jirani" kwa kalamu. Juu yake ameandika: kaka yake.)

2.

Kitanda kilikuwa kimoja, futi tatu na nusu. Ndekirwa alikuwa na miaka tisa, Anaeli mitano, na Anaeli alilala amejitandaza kama nguo iliyoanikwa. Kaka mtu alipochoka akaenda mpakani mwa shamba la baba, akachuma jani refu la sale, akalilaza katikati ya godoro.

"Huku kwako, huku kwangu."

"Na mto?"

"Mto wa wote."

"Na mama?"

Hilo Ndekirwa hakuwa amelifikiria.

3.

Masharti ya mpaka

a) Mguu ukivuka, unarudishwa.
b) Mguu ukiwa wa baridi sana, unaruhusiwa.
c) Radi ikipiga, hakuna mpaka.
d) Mkojo

Sharti la nne halikukamilika. Mkojo wa Anaeli haukujua sale wala nini, ulikwenda ulikotaka. Asubuhi Ndekirwa ndiye aliyebeba godoro kulianika uani, na binamu zao walipocheka akasema mkojo ni wake yeye. Alisema hivyo mwaka mzima.

4.

Wewe unayesoma, kama si wa huku mlimani, nikueleze. Sale tunalipanda mpakani. Jani lake hilohilo tunalifunga fundo na kumpelekea tuliyemkosea. Ukiletewa sale huwezi kukataa. Utanuna, utaguna, lakini utasamehe. Kwa nini mmea mmoja ulipewa kazi zote mbili, mimi sijui, na niliowauliza walinicheka.

5.

Asubuhi moja mama aliingia kutandika, akalikuta jani kitandani. Akaliangalia kwa muda. Akawaita.

"Nani amemkosea nani?"

Wakatazamana.

"Nauliza. Nani ameleta sale?"

"Mimi," Ndekirwa akasema, kwa kuwa ni kweli.

"Basi Anaeli, msamehe kaka yako."

"Nimemsamehe." Kisha, kwa sauti ndogo, "Mama, kwani amefanya nini?"

"Ukishasamehe huulizi."

Wakapewa ndizi moja ya kuchoma wagawane. Anaeli akachukua kipande kikubwa, maana yeye ndiye aliyekosewa.

Ndekirwa ana miaka hamsini na minne sasa. Bado anaikumbuka harufu ya ndizi ile, na akiikumbuka anaumia.

6.

Yaliyosikika kwenye foleni ya maziwa:

— Hatua tatu tu?
— Tatu.
— Na hawasalimiani?
— Kanisani mmoja anakaa kushoto, mmoja kulia. Mama yao katikati, peke yake.

7.

Mama, akimenya ndizi, bila kumtazama mtu:

"Nikifa mtanizika upande wa nani?"

8.

Jumatano.

Wajumbe watano, kamba ya kupimia, katibu na daftari lake. Mama kwenye kigoda. Anaeli amesimama upande wake wa mpaka, mikono nyuma. Kichwa chake kimejaa mvi. Ndekirwa hakuwa ameziona, kwa kuwa miaka miwili hakumtazama, na roho ikamuuma.

"Mlalamikaji, kielelezo," katibu akasema.

Ndekirwa akainama, akaokota sale moja lililong'olewa, udongo ungali mizizini. Alitaka kuwaonesha wajumbe. Lakini wajumbe walikuwa nyuma ya Anaeli, ikambidi amwendee yeye kwanza.

Moja.

Mbili.

Anaeli akaona kilichomo mkononi mwa kaka yake. Mikono ikamtoka mgongoni.

Tatu.

Kutoka kwenye kigoda, sauti ileile:

"Nani ameleta sale?"

Ndekirwa angeweza kueleza. Alikuwa na maelezo ya kurasa mbili mfukoni.

"Mimi," akasema, kwa kuwa ni kweli.

Katibu akauliza aandike kielelezo, au aandike nini.