Mgawo Uliomsahau Mama

Majirani walimwita Bi Ndoo, maana hakuna aliyewahi kumkuta mikono mitupu. Alfajiri ndoo ya maziwa, mchana ndoo ya kumwagilia miche, jioni ndoo ya pumba. Mumewe enzi za uhai wake alizoea kumtania kwamba hata peponi atafika na ndoo, malaika wadhani katumwa. Naye alimjibu kuwa huko nako lazima pana mtu wa kuchota maji.

Mzee alipofariki aliacha shamba la mahindi na nyanya, zizi la ng'ombe wanne, na watoto wawili wazima wasiopikika chungu kimoja. Mkubwa, wa kiume, alisimamia shamba. Mdogo wake, binti aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda, alisimamia ng'ombe. Ugomvi ulianzia kwenye samadi. Binti alimuuzia jirani mkokoteni mzima wa hiyo samadi bila kumwambia mtu, kaka mtu akalipiza kwa kuyafungia stoo mabua ya kulisha ng'ombe.

"Ng'ombe wako wanakula jasho langu," alisema kaka.

"Na nyanya zako zimenenepa kwa nini, kwa dua?"

Mjomba wao akaitwa. Akasikiliza pande zote mbili, akaona suluhu ni kugawana. Kaka akachukua shamba, dada zizi, na ua ukakatwa katikati kwa waya. Majembe yakagawanywa, mapipa yakagawanywa, hata kuku walihesabiwa mmoja mmoja. Bi Ndoo alisimama mlangoni akitazama. Alikuwa ameolewa katika ua ule akiwa msichana, na kila kitu kilichokuwa kikitolewa nje alikijua kilivyoingia.

Jioni walikula pamoja, kwa kuwa jiko lilikuwa bado moja.

"Mama," kaka alisema, "kesho nakuomba mapema, tuhamishe miche."

"Mapema anakamua kwangu," dada akadakia. "Wewe mchukue mchana."

"Mchana anapukuchua mahindi."

Bi Ndoo akaweka kijiko chini. "Majembe yamegawiwa. Mapipa yamegawiwa. Hata yule jogoo chongo ana mwenyewe. Mimi nimeangukia upande gani wa waya?"

Wakatazamana. Mjomba, aliyekuwa bado anatafuna, akapatwa na kiu ya ghafla.

"Mama, si wewe ni mama tu," kaka alisema hatimaye.

"Hilo nalijua, uchungu nilipata mimi. Ninachouliza ni kazi yangu. Ni ya nani?"

Bi Ndoo akakichukua tena kijiko. "Basi ni yangu," akasema, akaendelea kula.

Asubuhi alioga, akavaa gauni la kutokea, akaketi barazani na kikombe cha chai. Haikuwa rahisi. Mikono ilimwasha kwa kukosa kazi. Ng'ombe walipolia alinyanyuka mara mbili, mara mbili akajirudisha kitini. Alipokaa ndipo alipoona kwa mara ya kwanza jinsi ua ule ulivyozunguka kwa miguu yake, na badala ya kusikitika akajikuta ametabasamu. Kumbe alikuwa mtu mkubwa siku zote hizo.

Huko kwenye waya mambo yalikwenda mrama. Binti alikamua peke yake, akachelewa, gari la maziwa likaondoka na maziwa yakachacha. Kaka alikwenda sokoni, aliporudi akakuta miche imelala chali kwa kiu. Aliajiri kibarua, kibarua akawa hodari wa kula. Shamba halikuwa na samadi, ng'ombe hawakuwa na mabua, na hakuna aliyekubali kuinama akaombe upande wa pili. Kila mmoja alikonda kivyake.

Kisha ikaja siku ya wingu. Kaka alikuwa ameanika mahindi yote uani juu ya turubai, na ng'ombe mweusi wa dada alikuwa akizaa, miguu ya ndama imetoka lakini mwili umekwama. Binti alivuta mpaka akaishiwa nguvu. Bi Ndoo akaona kwamba hii si siku ya kumfunza mtu. Akaweka kikombe chini, akajifunga kanga kiunoni.

"Wewe," alimwita mwanawe, "acha hayo mahindi, lete kamba."

"Mama, mvua hiyo inakuja."

"Mahindi yatalowa, ng'ombe atakufa. Lete kamba."

Akakimbia na kamba, akagota kwenye waya wake mwenyewe. Geti lilikuwa mbali. Alisimama kidogo, akachomoa koleo mfukoni, akaukata, akapita. Wakavuta wote watatu, mama akisema lini wavute na lini wamwache mnyama apumue, mpaka ndama akatoka, jike, akapiga chafya. Matone ya kwanza yalipoanguka, aliyekuwa wa kwanza kuyakimbilia mahindi ni binti, mikono bado ina damu. Waliyafunika kwa pembe za turubai lile lile. Machache yalilowa.

Wakajibanza zizini wakihema.

"Mama, tulikosea hesabu," alisema kaka.

"Hesabu mlipiga vizuri. Mimi ndiye hamkunihesabu." Akajifuta uso. "Sasa sikilizeni. Samadi iende shambani, mabua yarudi zizini. Kazi tutapanga asubuhi, sisi watatu, nami nimekaa kitini kama ninyi. Na nikisema leo nimechoka, nimechoka."

"Na mkubwa atakuwa nani?" binti aliuliza.

"Mkubwa mnaye tangu mlipozaliwa."

Waya ulikunjwa, ukawa wa kufungia banda la kuku.

Msimu uliofuata alikuja mnunuzi anayelisha majiko ya shule. Alizikagua nyanya, akaonja maziwa, akamgeukia kaka. "Mwenye shamba, tuongee bei."

Kaka akanawa mikono bila haraka. "Mwenyewe yule pale barazani."

Mnunuzi akatazama, akamwona mama aliyeketi na chai, akachungulia nyuma yake kama kuna mwanamume mwingine. Hakuwepo. Binti akamsogezea kiti, naye kaka akasimama pembeni, kifua mbele, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa mheshimiwa.

Mnunuzi akavua kofia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukae. Kwanza niambie, unataka kununua kwetu mwaka mzima, au siku nyanya zikiwa nzuri tu?"