Namba Iliyoazimwa

Karani wa usajili alikuwa mcheshi, na ucheshi wake ndio uliouma zaidi. Aliingiza namba kwenye kompyuta, akasubiri, kisha akapiga makofi.

"Hongera, mama! Mbona umeshahitimu zamani? Shahada ya ualimu, tena umefaulu vizuri tu. Sasa huku kwenye masomo ya jioni umefuata nini? Mtu haolewi mara mbili na mume yule yule!"

Foleni nzima ikacheka. Fundi, mshona nguo aliyekuja kujiandikisha, naye akatabasamu, maana alikuwa mtu wa haya, na mwenye haya hucheka hata anapochomwa mwiba.

"Siwezi kupewa nyingine?"

"Mtu mmoja, namba moja, tangu mtihani wa sekondari mpaka kaburini. Ndivyo wanavyojua nani kaingia chuo, nani kaacha njiani, nani kamaliza." Karani akamtazama, akashusha sauti. "Kama kuna mtu aliitumia, andika malalamiko. Watamfutia kila kitu, wewe urudishiwe yako. Mwisho Ijumaa."

Namba ile ilikuwa na tarakimu kumi. Miaka yote aliyokaa nyuma ya cherehani, Fundi alikuwa akiitaja kimoyomoyo, kila pigo la pedali na tarakimu yake, kama mtu anayebembeleza mtoto. Yeye na mdogo wake walipishana mwaka mmoja tu, wakasoma darasa moja, wakafanya mtihani pamoja. Yeye akafaulu, mdogo akafeli. Lakini yeye alikuwa na mimba, na mama akasema nafasi isiachwe ikaoza. Mdogo mtu aende chuo kwa jina la dada yake. Fundi alikubali. Alidhani namba ni kama gauni: unamwazima mwenzio, anavaa, analirudisha. Alisahau kitu ambacho fundi hapaswi kusahau, kwamba nguo ikivaliwa sana hushika mwili wa mvaaji.

Jioni alikwenda nyumbani kwa mama. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alikuwa mkekani akisahihisha madaftari. Mama alikuwa akichambua mchele.

"Dada, mbona umenyong'onyea hivyo?"

Akawaeleza. Kalamu nyekundu ikabaki hewani.

"Watanifukuza kazi," Mwalimu alisema. "Watanifunga, dada."

"Sijasema nitaandika."

"Hujasema hutaandika."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayakumwagika, mama. Yalinywewa."

Mwalimu alifunga daftari lililokuwa mbele yake, akalifungua, akalifunga tena.

"Unajua shuleni wananiita kwa jina lako? Mwanzoni nilikuwa nachelewa kuitika. Siku hizi mtu akiniita kwa langu njiani, sigeuki."

Fundi alitaka kumchukia. Aliitafuta hiyo chuki kama mtu anayepapasa sindano sakafuni, akaikosa. Dawa za presha za mama zilitoka kwa huyu. Na binti yake, ile mimba ya siku zile, alikuwa chumba cha pili akisoma kitabu kwa sauti. Aliyemfundisha kusoma ni huyu huyu mama yake mdogo.

"Wewe una mikono yako," mama alisema taratibu. "Mwenzio ana nini?"

Alitaka kuuliza kama mikono yake ndiyo iliyofanya ule mtihani. Badala yake akaaga.

Ijumaa alirudi kwa karani kuchukua picha zake mbili alizoziacha pamoja na fomu.

"Umekuja kuandika?"

"Hapana. Nilikosea namba. Ile si yangu."

"Nilijua tu! Haya, nitajie yako."

Fundi akafungua mdomo. Kichwani mlikuwa na namba moja tu, haijawahi kuwamo nyingine.

"Kila aliyesoma anayo, mama," karani alisema, sasa bila mzaha.

"Mimi sikusoma."

Akapokea picha zake, akampisha aliyekuwa nyuma yake.

Kibandani pake pa kushonea alitandika kitambaa cha sketi ya mteja, akaweka mguu kwenye pedali. Pigo la kwanza, tarakimu ya kwanza ikaja yenyewe. La pili, ya pili. Akaondoa mguu. Akashika gurudumu kwa mkono, akaanza kulizungusha polepole, mshono mmoja, akapumzika, mshono mwingine, na sketi ile ya mtoto wa shule haikuisha siku hiyo.