Neno la Makaburini

Mtungi mmoja, midomo miwili. Mmoja ukizibwa, wa pili nao hautoi maji. Usinipe mji, jibu nakupa mwenyewe: ni akaunti ya benki ya mke na mume.

Rasmia wa mji wa Karak alilijua jibu hilo asubuhi aliyokwenda kutoa pesa za mashine ya kusukia maziwa. Binti wa benki alibonyeza, akatazama, akabonyeza tena.

"Mama, akaunti imezuiwa kwa amri ya mahakama."

"Kwa lipi? Mimi sijagombana na mtu tangu sikukuu."

"Si wewe, mama. Mumeo anadaiwa deni la zamani. Na akaunti ina majina yenu wote wawili."

"Lakini pesa zile ni zangu! Nimeuza shamba nililorithi kwa baba."

"Benki inaona majina, mama, haioni jasho. Nendeni mahakamani mkaeleze."

Rasmia akapanda kilima kurudi nyumbani, pochi tupu kwapani. Kondoo walikwisha anza kuzaa. Wachungaji wakishuka na maziwa humpelekea mwenye mashine, na asiye nayo hubaki kunusa harufu. Yeye alikwisha ahidi mabonge ya jamidi, yale maziwa ya mgando yaliyokaushwa, kwa harusi za mtaa mzima. Msimu ukimpita, basi mwaka umempita.

Mumewe, Mifleh, alikuwa kando ya jiko la mafuta akimenya chungwa.

"Baba Nayef, unadaiwa na nani?"

Kisu kikasimama. "Nani kakwambia?"

"Benki. Naona inakujua kuliko mimi."

Mifleh akaliweka chungwa chini. "Unakumbuka tulipomzika kaka yangu Sattam?"

"Nakumbuka."

"Nilisimama kaburini nikasema, anayemdai marehemu aje kwangu. Si kila mtu husema? Watu huitikia Mungu amrehemu, wakaenda zao. Sasa Haji Dhiyab, yule muuza chakula cha mifugo, yeye akaja kweli! Siku ya tatu ya msiba. Akanywa kahawa yetu, akaweka karatasi mbele yangu. Wazee wote wananitazama, ningefanyaje? Nikatia sahihi. Nikalipa kidogo, kisha nikanyamaza. Mahakama ikaniita, nikanyamaza. Nikadhani atachoka."

"Dawa ya deni kulipa, Baba Nayef, si kunyamaza. Na siku ile unanibembeleza tuunganishe akaunti, 'sisi ni kitu kimoja, Rasmia,' deni ulilificha wapi?"

"Sikulificha. Nililiogopa."

"Lo! Simba makaburini, paka nyumbani."

Rasmia alitaka kuendelea kumchoma, maneno anayo tele, lakini akamwona jinsi mabega yalivyomshuka, akaketi. Hasira haikumtoka, ila ilipunguza sauti.

"Hati ya kuuza shamba ninayo. Kesho tunakwenda, na wewe utasema pesa ni za nani."

"Mbele ya Haji Dhiyab? Karak nzima itaniita mla mali ya mkewe."

"Usiposema, hawatakuita mla. Utakuwa umekula."

Kesho yake Mifleh akavaa joho lake la sikukuu, kama mtu anayekwenda kuposa. Haji Dhiyab walimkuta ameshaketi, tasbihi mkononi. Ofisa wa mahakama akasoma hati ya shamba, akainua macho.

"Bwana Mifleh, pesa zilizo kwenye akaunti hii ni za nani?"

Rasmia akatazama sakafu. Angeweza kumjibia, ulimi ulimwasha, lakini akauuma. Kuna mizigo mke hawezi kumtua mumewe; mume huitua mwenyewe.

Mifleh akakohoa. "Ni za mke wangu. Za shamba la baba yake. Zangu humo ni pensheni tu, na hizo chukueni. Deni ni langu, nitalimaliza kwa pensheni mwezi kwa mwezi."

Haji Dhiyab akaacha kuhesabu tasbihi. "Ewe Baba Nayef! Maneno haya ningeyapokea kwa kikombe kimoja cha kahawa. Ulipoanza kunikwepa sokoni, unavuka barabara usinisalimu, ndipo nilipokuja huku. Si kwa ajili ya pesa. Sawa, na pesa pia."

Hata ofisa akacheka. Akaandika walivyokubaliana, akawaambia wasubiri mpaka hakimu atie sahihi.

Wakasubiri. Maziwa ya kwanza ya msimu yakapita mlangoni kwa Rasmia yakaenda kwa jirani, na jirani hakuacha kumpungia mkono. Hilo lilimuuma, tusidanganyane. Siku mbili hakusema na Mifleh ila kwa "chai hiyo" na "funga mlango".

Kisha habari ikaja kwamba fungu lake limeachiwa. Wakaenda wote benki, na Rasmia akaomba akaunti mpya.

"Jina la pili niandike la nani, mama?" akauliza binti yule.

Rasmia akamtazama mumewe. Mifleh akajivuta kwenye kiti, akakaa wima.

"Andika lake peke yake, binti yangu," akasema. "Na utuharakishie. Gari la kubebea mashine linangoja nje, na dereva ana mdomo mchafu."