Bwana Harusi Kutoka Uholanzi

Tangu asubuhi Mwalimu Machogu alikuwa ameketi mbele ya banda la mbwa, mgongo umenyooka, bakora imelala juu ya magoti, akiilinda harusi iliyokataa kufungwa.

Ndani ya uzio wa waya alikuwamo Arko, dume wa shepadi wa Kijerumani aliyeletwa kwa ndege kutoka Uholanzi, kifua kipana kama cha askari wa gwaride. Pamoja naye alikuwamo Malkia, jike wa damu hiyohiyo, mali ya Bwana Owino, mwenye duka la vipuri katika mji wa Kisii. Malkia alikuwa kwenye joto, na joto lenyewe lilikuwa likielekea ukingoni. Alijipitisha, akajigeuza, akauweka mkia kando. Arko alimtazama, akameza mate, kisha akamgeukia Mwalimu na kuketi kitako kwa adabu kubwa.

"Mwalimu," Owino alisema, akiegemea nguzo ya uzio, "huyu Mholanzi wako amekuja kuoa au amekuja kusali?"

"Bwana Owino, uchunge ulimi wako."

"Nauliza tu, jaduong', mzee wangu. Kwetu kando ya ziwa bwana harusi haonyeshwi mlango."

"Kwenu kando ya ziwa mna maneno mengi."

Owino alicheka, lakini Mwalimu hakucheka. Mwaka uliotangulia wezi walikuwa wamepita katika mabanda ya ng'ombe ya Itumbe, kijiji chake cha mlimani, kana kwamba wamealikwa. Mbwa wa kijiji walibweka kidogo, wakatupiwa mifupa, wakanyamaza. Hapo ndipo mwalimu mkuu huyo mstaafu alipotangaza, mbele ya majirani waliotoka kanisani, kwamba ataagiza dume wa mbegu halisi kutoka ng'ambo, na kwamba kila boma la mlima ule litapata mlinzi wa kuaminika. Wanawe walimsihi aachane na jambo hilo. Hakuachana nalo. Alishughulikia vibali, akavaa suti yake ya Sabato, akaenda mwenyewe hadi uwanja wa ndege Nairobi, akarudi na Arko.

Jike wa kwanza, aliyetoka Nyamache, alirudi kwao kama alivyokuja. Ndipo Mokua, mwanawe wa kwanza, alipopiga simu kutoka Nairobi.

"Baba, nakuheshimu," alisema. "Lakini huyu wa pili naye akirudi hivyohivyo, nitakuja na gari Jumapili nimchukue Arko. Atalinda ghala langu. Angalau huko atakuwa na kazi."

Mwalimu alikubali, na neno lake halikuwa la kurudishwa nyuma. Sasa ilikuwa Ijumaa, na jua halikuwa mbali na utosi. Jua likizama, Sabato ingeingia, na Malkia angekuwa amekwisha kurudishwa kwao. Kule barabarani watu walikuwa wameanza kumwita Arko towashi, wakidhani Mwalimu hasikii. Alikuwa akisikia vizuri sana.

Mjukuu wake Kemuma, binti wa Mokua, daktari wa mifugo katika mji wa Nyamira, alifika akiwa amevaa magambuti yenye tope. Alimsalimu nyanya yake kwanza, kisha akaingia bandani, akampapasa Arko, akamkagua, akampima Malkia, akatoka akifuta mikono.

"Babu, bwana harusi hana kasoro yoyote. Na bibi harusi yu tayari, ila kesho hatakuwa tayari tena."

"Basi kinachomzuia ni nini?"

Kemuma aliitazama bakora, akakitazama kiti.

"Wewe huketi hapo kila siku?"

"Ni shughuli gani nimewahi kuianzisha nisiisimamie?"

"Na Arko alipofika, ulimfunza nini?"

"Adabu," Mwalimu alijibu bila kusita. "Jike wa jirani alipita njiani, Arko akataka kunikokota na kamba yake. Nikamwambia: La! Mara moja tu. Hakurudia."

Kemuma alijaribu kujizuia, akashindwa, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa na kucheka hadi machozi yakamtoka. Owino, ambaye hakujua kinachochekwa, alicheka naye.

Katika nchi ya Wakisii kuna haya inayoitwa chinsoni. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mambo ya chumbani hayatajwi mbele ya wazazi hata kwa mafumbo. Mokua, mtu mzima mwenye mvi, asingethubutu kumwambia baba yake neno lolote kuhusu jambo lile. Babu na mjukuu, hata hivyo, wana ruhusa yao ya tangu zamani: hutaniana wapendavyo, na hakuna anayekasirika.

"Babu," Kemuma alisema alipopata pumzi, "mbwa huyu umemlea wewe. Baba yake ni wewe. Sasa niambie, ni baba gani wa Kikisii awekaye kiti mlangoni pa mwanawe siku ya harusi, tena na bakora?"

Mwalimu aliishusha bakora chini.

"Mbwa hana chinsoni, Kemuma."

"Huyu anayo. Umemfunza mwenyewe!"

Arko, akisikia sauti ya bwana wake, alikuwa bado ameketi wima, akingoja amri. Mwalimu alimtazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza akaona mashaka yaliyokuwa machoni mwa mnyama yule. Joto likampanda masikioni. Aliinuka, akakikunja kiti chake.

"Nakwenda kuchuma majani," alisema. "Mtu yeyote asinifuate."

Alichukua kikapu na kuteremka katikati ya mistari ya majani chai hadi nyumba ikafichika nyuma ya migomba. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu achume kwa mikono yake. Alichuma upesi, akiwa ameupa mlima mgongo, akilazimisha masikio yake yasitafute sauti yoyote. Alimwomba Mungu, kisha akaona aibu kwa aliloliomba, kisha akaliomba tena.

Baadaye alisikia mtu akikohoa mwishoni mwa mstari. Alikuwa mkewe.

"Baba Mokua, njoo unywe chai."

"Na wageni?"

"Wageni wameelewana," mkewe alisema, akitazama mbali. "Wameelewana vizuri mno. Owino anaimba."

Mwalimu alishusha pumzi ndefu, akashika kichaka cha chai. Mkewe aliinama juu ya kikapu.

"Haya magugu ni ya kupeleka kituoni kuuzwa, au ni ya ng'ombe?"

Mwalimu alitazama. Alikuwa amechuma kila kitu: majani makavu, vijiti, hata jani la mgomba. Yeye aliyekuwa akiwarudisha wachumaji shambani kwa jani moja lililokomaa! Akaanza kucheka, kicheko ambacho mkewe hakuwa amekisikia tangu siku nyingi.

Jumamosi jua lilipozama, Mokua alipiga simu.

"Baba, kesho nije?"

"Gari liache hukohuko."

"Kwa hiyo, Baba…"

"Mokua."

"Nimeelewa, Baba. Nimefurahi sana."

Wiki zilipita, na Mwalimu hakumwambia mtu jinsi alivyokuwa akihesabu. Hatimaye Kemuma alipeleka mashine yake ya picha uani kwa Owino, akamlaza Malkia ubavu, akampaka mafuta tumboni. Kwenye kioo kulionekana ukungu wa kijivu; ndani ya ukungu kitu kidogo kikapapatika, kando yake kingine, na kingine tena.

"Hiyo ni mioyo, Babu. Yote inapiga."

Owino alipiga makofi, akamwita mkewe Nereah, akaita na majirani. Mwalimu Machogu alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa, akasogea karibu.

"Nionyeshe tena," alisema.