Mikasi ya Ngui

Warigia alikuwa fundi wa kupaka nikeli katika mtaa wa Lucky Summer. Watu walimletea mifereji ya bafuni iliyochakaa, vitasa na vyuma vya pikipiki, naye akavirudisha vikimetameta. Kitu kilizamishwa kwenye beseni la maji ya kijani, na kilichoifanya nikeli ishike chuma ni pawa saplai, mashine moja nzito ya maabara ya kutoa umeme uliopimwa, aliyoinunua ikiwa kuukuu. Waya mwekundu ulishika kipande cha nikeli, mweusi ukashika kile kinachopakwa. Ukishaweka volti na kikomo cha ampea, mashine ilishikilia papo hapo hata stima ya mtaa ikiyumba.

Asubuhi hiyo alikuwa na mzigo wa Ngui, mchuuzi wa vyuma: mfuko wa mikasi midogo na vikoleo. "Ni za saluni, za kucha," Ngui alikuwa amesema. Warigia alivipiga msasa, akavichovya kwenye asidi, akavisuuza na kuvitundika ndani ya beseni.

Nikeli ikakataa. Kwenye viungo, pale makali mawili yanapokutana, palibaki weusi uliobanduka kama gaga la kidonda. Nazo ampea zilipanda na kushuka hovyo.

"Ni mashine hiyo," alisema Opicho, mchomeleaji wa mageti aliyeshiriki naye kibanda. "Feni yake inalia wiki nzima."

Warigia alizima, akachomoa plagi, akangoja mashine ipoe na umeme uliobaki ndani uishe, kisha akafungua kifuniko. Vumbi lilikuwa limeshikana na mafuta likawa kama blanketi kuukuu, na kombamwiko mkavu alikuwa amenasa kwenye panga la feni. Akasafisha kwa brashi, akasugua vichwa vya waya vilivyoota ukungu wa kijani kwa mvuke wa asidi. Badala ya beseni akaunganisha balbu ya gari. Mashine ikaonyesha volti kumi na mbili, na mita yake ya mkononi ikasema vivyo hivyo. Alipopunguza ampea, balbu ilififia taratibu, bila kupepesa.

"Mashine ni nzima," alisema. "Basi ubaya uko kwa hivi vitu."

Alichukua mkasi mmoja, akagonga pini ya kiungo kwa msumari mpaka ukaachana vipande viwili. Ndani palikuwa na utando wa kahawia uliogandamana, na unywele mfupi umenata humo. Tone la maji lilipouangukia, utando uliyeyuka ukawa mwekundu. Harufu ikapanda, ya buchari iliyofungwa siku nyingi. Kwenye mpini, chini ya kutu, palikuwa pamechongwa jina la wodi ya upasuaji.

Opicho alirudi nyuma. "Warigia, hiyo ni damu ya mtu."

Warigia alikimbilia nyuma ya kibanda akatapika. Aliporudi aliyatazama yale maji ya kijani, akakumbuka kwamba alikuwa ametumbukiza vidole humo tangu asubuhi.

Ngui alikuja mchana akila chipsi kutoka kwenye karatasi. "Sasa madam, zimeiva?"

"Ulizitoa wapi?"

"Kwa jaa. Hospitali zinatupa vitu poa sana." Aliokota kikoleo kwa vidole vyenye mafuta, akakigeuzageuza, kisha akaendelea kula kwa mkono uleule. "Kliniki ndogo ndogo zinachukua kama mpya."

"Kuna damu ndani, Ngui. Watu watakatwa na hivi."

"Si nikeli inafunika?"

Neno hilo lilimkirihi kuliko ile damu. Alitaka kumtemea mate. Badala yake alimwambia arudi jioni.

Ngui alipoondoka, Warigia alijaza ndoo maji ya chumvi, akaiweka nje penye upepo, akageuza waya. Sasa mwekundu ulishika mikasi na vikoleo, mweusi ukashika kipande cha nondo, maana chuma kinachopewa mwekundu ndicho kinacholiwa. Akapandisha ampea. Maji yalitokota bila moto, yakawa ya manjano, kisha ya kahawia, na povu zito la rangi ya usaha likaelea juu. Opicho aliziba pua. Warigia alibaki pale akitazama mpaka mwisho.

Ngui aliporudi alikuta vyuma vilivyotafunwa, makali yamekwisha, viungo vinaachana vyenyewe.

"Umefanya nini wewe mwanamke?"

"Nimeharibu. Chukua."

"Unadhani ni wewe tu fundi? Mzee Mulama wa kule Baba Dogo hana maringo kama yako." Akaipiga ndoo teke, akaenda zake.

Warigia aliyafungia yale maji ya kijani kwenye mtungi asiyatumie tena, ingawa Opicho alilalamika kuwa ni hasara kubwa. Alinawa mikono kwa Jik, dawa ya kuua viini, mpaka ngozi ikawasha.

Kesho yake alitembea hadi mtaa wa Baba Dogo. Mzee Mulama alisikiliza habari ya ile damu akiwa amesimama mlangoni. Kisha akaingia ndani, akatoka na sinia iliyojaa vikoleo vilivyokwisha kupakwa, vinang'aa kama vya dukani.

"Hivi Ngui aliniletea mwezi uliopita," alisema, akimsogezea sinia na msumari. "Fungua kimoja, binti yangu. Mimi siwezi kutazama."